Nimebadilisha mauntingi za injini mwenyewe nyumbani, Spacio, Tanga: nilivyopima, nilivyofanya na pale nilipokosea

Mwana Makorora

Wakuu habari za asubuhi, na kwa waislamu wenzangu assalam alaikum.

Gari ni Toyota Spacio new model NZE121, injini 1NZ, otomatiki. Tangu mwezi wa Ramadhani ilikua inatetemeka kila ukisimama, gia iko D mguu uko kwenye breki, mfano pale Kange unapisha basi litoke stendi, usukani unatetemeka, siti inatetemeka, ukiangalia kioo cha katikati huisomi namba ya gari la nyuma maana kioo chenyewe kinacheza. Ukiweka N (gia huru) inapungua karibu yote. Halafu ukitoa P kwenda R (rivasi) inagonga kdu! chini ya miguu, na ukiondoka kwa haraka inagonga tena.

Nikapeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, jina naliacha. Akabadilisha plagi zote nne, akasafisha throto (mlango wa hewa ya injini), wiki iliyofuata akasema ni koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme, tukaweka koili, hela inatoka na mtetemo uko palepale, mwisho akaniambia injini imechoka tuishushe. Iliniuma sana wakuu. Injini haili oili, haitoi moshi, asubuhi unagusa ufunguo mara moja imewaka, halafu mtu anakwambia uishushe! Ndo nikarudi nyumbani nikafungua boneti mwenyewe nikaanza kusoma na kuulizia, na nayaandika haya ili asiwepo mwingine wa kushushiwa injini kwa sababu ya raba.

Kwa asiyejua, injini haijafungwa chuma kwa chuma na bodi. Inakaa juu ya mauntingi, yaani raba nene yenye vyuma, chuma kimoja kinashika injini kingine kinashika bodi na raba iliyo katikati inakula mtetemo. Hizi gari zetu zinazovuta tairi za mbele injini imekaa kwa upana wa gari, kwaiyo ukikanyaga mafuta injini inataka kujibinua kwenda nyuma na ukiweka rivasi inataka kujibinua kwenda mbele, na mauntingi ndo zinaishikilia isijibinue. Spacio yangu ina nne. Ya kulia inabeba upande wa cheni, ya kushoto inabeba gia boksi na iko chini ya betri, halafu kuna ya mbele karibu na radieta na ya nyuma kule gizani karibu na ukuta wa kabini, hizi mbili zinakalia ile boriti ya chuma inayopita chini katikati kutoka mbele kwenda nyuma.

Nilipima hivi. Mdogo wangu alikaa ndani, handbreki juu, breki kaikanyaga mpaka chini, tairi za nyuma nimeziwekea mawe, boneti iko wazi na mimi nimesimama ubavuni. Sio mbele ya gari jamani, hata kwa sekunde moja usisimame mbele ya gari iliyo kwenye gia. Akaweka D akagusa mafuta kidogo mno akaachia, akaweka R akagusa tena akaachia. Injini nzima kujisogeza kidogo ni kawaida, ile yangu iliinuka upande wa mbele kabisa ikarudi kwa kishindo mpaka hosi ya juu ya radieta ikanyooka. Nikachukua tochi. Mauntingi ya kulia imelala, chuma cha katikati kimeshuka mpaka kinakaribia kugusa cha chini, na pembeni kuna mchirizi mweusi wa mafuta. Nilidhani injini inavuja kumbe baadhi ya mauntingi zina mafuta ndani yake kwa ajili ya kumeza mtetemo, raba ikipasuka yale mafuta yanatoka na kazi imeisha. Ya mbele nilipoitazama kwa chini raba imechanika kotekote, imebaki imeshikilia kwa ukingo mmoja kama kandambili iliyokatika.

Nikanunua hizo mbili tu. Hilo ni kosa langu la kwanza nitalieleza chini.

Kazi yenyewe. Uani kwetu ni mchanga mtupu, jeki ukiiweka inazama, kwaiyo nikatafuta kipande cha ubao mgumu wa inchi mbili kikakaa chini ya jeki, na kipande kingine juu ya jeki. Huo wa juu ni wa lazima. Jeki hairuhusiwi kugusa sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kavukavu, bati lile ni jembamba linabonyea na ndani yake kuna ule mdomo wa kunyonyea oili uko karibu sana na sakafu ya sampu, ukibonyeza bati umeziba mdomo na hapo injini utaishusha kweli. Ubao uwe mpana ufike mpaka kwenye kingo za sampu uzito usambae. Kwa mauntingi ya kulia tairi zote ziko chini, sikuingia uvunguni kabisa, nimesukuma jeki tu.

Usiku wa kuamkia kazi nilipulizia nati zote WD-40. Sisi wa Tanga na hii hewa ya chumvi nati hazifunguki kirafiki, ya kwangu moja ilitoa unga wa kutu mwekundu kama udongo wa Muheza. Soketi ni namba 14 na 17, na uwe na mkono mrefu wa soketi, bila huo utahangaika.

Jeki unaipandisha polepole mpaka uzito wa injini uanze kukaa kwenye ubao. Utajuaje? Unashika mauntingi kwa mkono mmoja huku mwenzio anapampu, kuna wakati ile raba iliyobanwa inalegea, simama hapo hapo. Ukiona bodi ya gari nayo inainuka umezidisha, shusha. Nikafungua nati, nikasogeza kopo la pawa steering pembeni bila kufungua hosi, ya zamani ikatoka, mpya ikaingia. Nikaweka bolti ya kwanza nikaikaza kabisa kwa furaha. Kosa la pili hilo. Bolti ya pili ikakataa, tundu limepishana milimita mbili tatu, nikaanza kuilazimisha na raketi nikasikia inaingia kwa kukwaruza, nikasimama. Nilipoitoa meno ya kwanza mawili yameshalala. Namshukuru Mungu niliacha pale. Nikalegeza ile ya kwanza, nikapandisha jeki kama nusu pampu, na bolti ikaingia kwa vidole tu mpaka mwisho. Kwaiyo zote ziingie kwa vidole kwanza, hata kama ziko kumi, ndipo ukaze. Tundu likipishana sogeza jeki, usiende kutafuta nyundo.

Ya mbele niliifanya siku ya pili, hapo gari ilikaa juu ya stendi mbili maana kuna kazi ya chini.

Matokeo: ile kdu ya rivasi ikapotea. Mtetemo ukapungua nusu, haukuisha. Nikakaa nayo siku kumi roho haijatulia, nikachungulia ya nyuma, nayo imechanika. Ndo lile kosa la kwanza, kununua mbili tu. Mauntingi moja ikifa zilizobaki zinabeba mzigo wake, ya nyuma ilikua imeshauawa siku nyingi na wenzake. Nilipobadilisha hiyo ya nyuma gari ikatulia, yaani kwenye sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) unaangalia mshale wa dashibodi ujue kama inawaka.

Picha nitaweka jioni. Maswali karibuni.

Dereva wa Segera

Mkuu umenigusa penyewe, mimi nilishauriwa kununua injini nyingine kabisa. Nasubiri picha

Bi Sahare

Asante kaka kwa maelezo, umeeleza mpaka mtu ambaye hajui spana anaelewa. Mimi nina IST inatetemeka sana asubuhi na nikiwasha AC ndo inazidi. Je nayo ni mauntingi? Nataka kujua kabla sijaenda kwa mtu maana mwanamke ukifika gereji huulizwi tatizo, unatajiwa bei.

Mwana Makorora

Dada Bi Sahare, jibu kwanza kitu kimoja. Ukiweka N mtetemo unapungua au uko vilevile? Na taa ya injini kwenye dashibodi imewaka?

Bi Sahare

Nimetoka sasa hivi kujaribu. Uko vilevile D na N. Na unakuja kwa kudunda, sio mfululizo, kama mtu anayekwama kwikwi. Taa imewaka tangu juzi, ikizima inarudi.

Mzee wa Chumbageni

Mwanangu, hiyo usinunue mauntingi. Gari inamisi, silinda moja haichomi vizuri. Mauntingi iliyokufa haifanyi injini itetemeke, injini zote zinatetemeka, mauntingi ikifa inaacha tu mtetemo upite uje ndani. Kwa hiyo ukiweka D na breki injini inasukumana na gia boksi, mzigo unaongezeka na mtetemo unaongezeka, ukiweka N unashuka. Wako haushuki na unakuja kwa kwikwi, hilo ni tatizo la kuchoma. Mwambie fundi apime na mashine aone ni silinda ya ngapi, halafu mbele yako ahamishe koili ya silinda hiyo aipeleke silinda nyingine. Kosa likihama pamoja na koili basi umeipata. Likibaki palepale waangalie plagi na nozeli zinazopulizia mafuta. Usikubali ununue koili nne kwa mpigo.

Na wewe Makorora umefanya vizuri kuanza na kupima. Nimekaa gereji miaka mingi na nimeona injini nyingi nzima zikishushwa.

Chuma cha Pongwe

Sawa ila wakuu mnapoteza hela. Sisi huku tunachonga raba ya tairi la lori tunaibana na bolti, au ile iliyochanika tunaijaza gundi ya kioo cha mbele ikikauka inakua ngumu, kazi imekwisha. Mauntingi mpya ya nini wakati barabara zetu za vumbi zinaimaliza tena

Mwana Makorora

Chuma cha Pongwe kaka sibishani na anayebana matumizi, hata mimi ningependa. Ila raba ya tairi imetengenezwa ikanyage barabara, ni ngumu na ndani ina nyuzi na waya. Ukiiweka pale umefunga injini kwenye bodi, mtetemo wote unakuja kwenye siti. Injini itatulia kweli haitagonga, lakini wewe ndani utatetemeka kuliko mwanzo.

Chuma cha Pongwe

Lori la baba yangu lilitembea na raba hiyo miaka likibeba machungwa Muheza hadi Dar

Mzee wa Chumbageni

Wote mna haki na nitawaambia kwa nini. Lori la zamani lenye chasisi, dereva alikua hasikii raha yoyote hata lilipokua jipya, na chasisi ile inabeba kila kitu. Gari ndogo ya siku hizi bodi yake ni bati lililokunjwa, ukilipelekea mtetemo siku zote utaanza kuona dashibodi inapiga kelele, waya zinajisugua, na bomba la eksozi linapasuka pale kwenye kiungo cha kukunjika. Hiyo gundi ya kioo nimeiona inasaidia kwa mauntingi ya mbele au ya nyuma iliyochanika kidogo, ikisafishwa vizuri isiwe na hata tone la oili. Itakufikisha mwisho wa mwezi. Ya kulia iliyomwaga mafuta usiijaze kitu, ile itoe.

Sasa kuna jambo Makorora hukulisema na ni kubwa. Mauntingi ya mbele na ya nyuma zina ile bolti ndefu inayopita katikati ya raba. Hiyo usiikaze ya mwisho wakati injini bado iko kwenye jeki. Ikaze nusu, toa jeki, uzito wote ukae kwenye mauntingi zenyewe, washa injini, peleka D, peleka R, mara mbili tatu huku umekanyaga breki, izime, halafu ndio ukaze mpaka mwisho. Kwa njia hiyo raba inajikalia inapotaka. Ukiikaza injini ikiwa imeinuliwa umeifunga raba ikiwa imejipinda, na itakaa imejipinda hivyo siku zote, mtetemo utaendelea na itachanika mapema. Watu wengi wanasema mauntingi mpya ni feki kumbe ilifungwa ikiwa imepinda.

Mwana Makorora

Shikamoo mzee. Hilo sikulijua kabisa. Ya mbele niliikaza ikiwa juu ya jeki. Leo jioni naenda kulegeza na kurudia kama ulivyosema, nitaleta jibu.

Mzee wa Chumbageni

Marahaba. Na hizo stendi mbili ulizotaja hakikisha chini yake kuna ubao au zege na sio mchanga. Wanangu mnaosoma hapa, jeki ni ya kuinulia tu. Ikishainua kazi yake imeisha. Nilimpoteza mwenzangu wa kazi mwaka mmoja, alikua anafungua nati moja tu, gari iko kwenye jeki ya mafuta, sili ikaachia. Nati moja. Ukiwa huna stendi mbili, kazi ya chini usiifanye, fanya ya kulia na ya kushoto ambazo unafungulia juu, zingine lipa fundi.

Dereva wa Segera

Pole sana mzee wetu

Bi Sahare

Innalillahi. Pole mzee.

Msaka Spea

Kwa wanaoenda kununua, msiende na neno "mauntingi ya Spacio" peke yake mtapewa yoyote. Zamani nilikua dukani nafahamu. Mauntingi halisi za Toyota zina namba na tarakimu tano za mwanzo zinakwambia ni ipi: 12305 ni ya kulia, 12372 ya kushoto, 12361 ya mbele, 12371 ya nyuma. Zile tano zinazofuata ndo zinatofautisha injini na gia boksi. Andika namba ya chasisi ya gari yako uende nayo, au piga picha namba iliyoko kwenye ile ya zamani ukiisafisha na brashi. Gari ileile ya manual na ya otomatiki zinaweza kutofautiana mauntingi ya kushoto hata zikifanana kwa macho.

Used za Japani usiangalie rangi, angalia raba. Ikunje kwa mikono miwili mbele ya mwanga, nyufa ndogondogo zikifunguka midomo iache. Ya mafuta ndani igeuze juu chini uisubiri dakika, ukiona unyevu popote rudisha. Raba inazeeka hata ikikaa tu stoo, kwaiyo used iliyokaa miaka dukani kwenye joto letu hili sio dili.

Kijana wa Majani Mapana

Bei je wakuu?

Mwana Makorora

Mimi ya kulia nimenunua mpya isiyo ya Toyota, elfu 85 baada ya kuvutana. Used niliyotajiwa ilikua elfu 40 ila niliikunja kama alivyosema Msaka Spea hapo juu ikafunguka, nikaiacha. Ya mbele na ya nyuma nilipata used nzuri zote mbili. Bei zinabadilika ulizia maduka matatu pale Ngamiani kabla hujatoa hela.

Na siku za mwanzo ile mpya ilikua ngumu kidogo, nilihisi mtetemo mwembamba kwenye usukani, baada ya wiki mbili za kutembea ikalainika.

Chuma cha Pongwe

Mzee nimekuelewa. Nina swali la kweli sasa, ya kwangu nilibadilisha mpya mwaka jana imekufa tena, hata mwaka haujaisha, na niliifunga kwa fundi mzuri

Mzee wa Chumbageni

Angalia juu yake. Tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, inavuja?

Chuma cha Pongwe

Inatoa jasho la oili kidogo upande huo wa kulia. Fundi alisema haina shida kwa sababu haidondoki chini

Mzee wa Chumbageni

Haidondoki chini kwa sababu inadondokea kwenye mauntingi. Oili inalainisha raba mpaka inakua kama ubani uliotafunwa, ukiigusa inabaki kwenye kidole. Badilisha gasketi ya tapeti kava kwanza, ni kazi ya saa moja, osha pale kwa sabuni ya unga na maji ya moto, kisha ndio uweke mauntingi. Ukiweka mpya bila kuziba juu utarudi tena mwaka ujao. Na wale mnaopulizia WD-40 kwenye nati, futeni inayobaki kwenye raba kwa kitambaa.

Chuma cha Pongwe

Nimetoka kuigusa. Imebaki kwenye kidole kweli. Nashukuru sana mzee wangu

Kijana wa Majani Mapana

Na sisi wa Mark II? Injini imekaa kwa urefu

Msaka Spea

Zinazosukuma tairi za nyuma kwa kawaida zina tatu, mbili kushoto na kulia kwa injini na moja chini ya gia boksi. Injini pale inataka kulala ubavu, haitaki kujibinua mbele na nyuma, kwaiyo wa kupima anaangalia injini ikiinuka upande mmoja. Ile ya gia boksi ikifa utasikia mlio wa kishindo chini katikati ukiondoka, wengi wanadhani ni propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu tairi za nyuma.

Mwana Makorora

Wakuu nimerudi. Jana baada ya alasiri nimelegeza bolti ndefu za mbele na nyuma, gari iko chini kwa tairi zake, mdogo wangu akapeleka D na R mara tatu. Ile ya mbele nilivyoilegeza tu ilitoa sauti "tak" na kichwa cha bolti kikazunguka chenyewe kama robo, yaani raba ilikua imejipinda imebana muda wote ule na ilipoachiwa ikarudi mahali pake. Nimeiona kwa macho yangu. Nimekaza upya. Leo asubuhi nimempeleka mama Bombo hospitali kliniki yake ya presha, tumesimama getini AC imewaka gia iko D, mama ana chupa ya maji mkononi, nikaiangalia ile chupa maji yametulia. Mama mwenyewe akauliza "umeizima?" Mzee wa Chumbageni Mungu akuweke.

Bi Sahare

Na mimi nina habari. Silinda ya tatu. Fundi alitaka kubadilisha koili zote nikamwambia ahamishe ya tatu aweke ya kwanza, akaniangalia lakini akafanya, kosa likahamia ya kwanza. Nimenunua koili moja. Taa imezima na gari imetulia, sikugusa mauntingi. Nawashukuru mno, nilikua nimeshatenga hela ya mauntingi tatu.

Mzee wa Chumbageni

Vizuri sana mwanangu. Ila siku ukipata nafasi chungulia nazo, gari iliyotembea ikimisi muda mrefu inazichosha.

Mvuvi wa Pangani

Wakuu nimesoma uzi wote toka juu mpaka hapa, nina Spacio kama ya Makorora na dalili zote ni zilezile, kdu kwenye R na N inatulia. Nimepima kama ulivyoelekeza, mke wangu kakaa ndani nami ubavuni, ya kulia imelala na ina mchirizi. Spea nimepata Tanga, stendi ninazo mbili za jirani, ubao upo. Kinachonishinda ni nati moja ya chini upande wa bodi, soketi yangu fupi haifiki na spana ya kawaida haina pa kuzunguka. Huku Pangani nimeulizia sijapata mkono mrefu. Wewe uliifikiaje?

Mwana Makorora

Kaka hiyo nati naijua vizuri, ilinichukua saa nzima. Soketi ya 14 ile ndefu, mkono wa sentimita 25 hivi na kiungo kinachokunjika katikati, unapitishia kati ya mkanda na bodi kwa juu. Usijaribu kwa spana ya mdomo wazi utazilaza kona za nati na hapo itakua kazi ya kukata. Pulizia leo usiku, pulizia tena alfajiri.

Vyote vitatu ninavyo. Kesho unakuja mjini?

Mvuvi wa Pangani

Nakuja na daladala ya asubuhi kuleta samaki, saa tatu nitakua nimemaliza.

Mwana Makorora

Nitafute inbox nikuelekeze nyumbani. Chukua utumie, rudisha ukimaliza hata wiki ijayo. Na uniletee hiyo ya zamani niione ilivyo ndani, nataka kuikata kwa msumeno nipige picha niweke hapa watu waone mafuta yalikua yanakaa wapi.